Rangi ya Njano ya Baba

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mkiwa wazima wote hapo nyumbani, wewe, shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kikohozi kilichokuganda wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku tunasogeza siku. Wifi yako bado anashona sare za shule pale barazani na kuitukana cherehani yake kama mtu. Watoto wanarefuka kuliko suruali zao. Baba yupo, anakula, anasikiliza redio kwa sauti ya kuwasikilizisha majirani, ila macho yake yameingia ukungu na daktari amemwambia asishike tena usukani. Alilipokea neno hilo bila ubishi. Ungekuwepo ungeshangaa.

Kabla sijaendelea, nina ombi. Lazima umekwisha kuhisi kitu kigumu ndani ya bahasha. Kiache humo humo mpaka ufike mwisho wa barua. Ni chako, na kimekungoja miaka ishirini na moja, hakitashindwa kungoja kurasa chache.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Wewe na mimi tukipigiana simu tunaulizana mvua, tunaulizana watoto, halafu mmoja wetu anasema anaitwa. Hili ninalotaka kukuambia ningelilipua haraka haraka ili liishe, na kulipua ndiko kulikotufikisha hapa. Basi nimekaa mezani, nimewaambia watoto wanyamaze, na nimeamua kuandika taratibu hata kama ni mpaka mkono uchoke.

Nimechoka, dada. Si uchovu wa kazi, ingawa kazi nayo haijambo kwa kuchosha. Bado nakagua lifti. Wiki iliyopita nilikuwa hospitali, lifti ya wagonjwa, nimejikunja juu ya paa lake na tochi mdomoni, na wenzangu wako chini wanacheka kwamba nimeikagua nati ile ile mara tatu. Wamenipa jina, wananiita Mzee Rudia. Mimi huwaacha wacheke. Sijawahi kutia saini cheti cha lifti ambayo sikuigusa kila pini kwa kidole changu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza nilianza lini tabia hiyo.

Sasa habari yenyewe. Ijumaa iliyopita nilimpeleka baba kwenye kambi ya mwaka ya klabu ya magari ya zamani. Unalikumbuka gari, sina haja ya kukueleza: bluu yake imepauka hadi imefanana na maji ya kufulia, taa zake mbili za duara bado zinalifanya lionekane kama mtu aliyeshtuka, na kiti cha nyuma kimeshonwa mara tatu, mara ya mwisho na wifi yako kwa uzi wa sare. Klabu yenyewe ni watu kumi na wanane wenye magari yanayowazidi wengi wao umri. Mwenyekiti ni daktari wa meno mstaafu, mtu mwenye mikono laini sana kwa mtu anayedai kutengeneza gari lake mwenyewe. Kila mwaka tunakwenda kulala siku mbili shambani kwa mwanachama mmoja, kando ya kijito, na sharti ni moja: kila gari lifike kwa magurudumu yake, marufuku kubebwa. Safari ya saa mbili tukaifanya saa tano. La mwenyekiti lilizimika hatua mia moja kabla ya geti, tukalisukuma, yeye akiwa ndani ameshika usukani kwa heshima zote, na ikaandikwa kwamba limefika.

Baba alikataa hema. Alisema yeye amelala ndani ya gari hili kabla mimi sijazaliwa na hatalihama kwa ajili ya kitambaa. Kwa hiyo alijilaza kiti cha nyuma, miguu ikatoka nje ya mlango, mimi nikalala kwenye hema pembeni nikisikiliza anavyokoroma, na mgongo wangu asubuhi ukaniambia kwamba mimi pia si kijana. Ukungu, nyasi zilizolowa, chai ya moshi, watu wazima wamelala chali chini ya magari wakibishana kuhusu mafuta ya breki. Zamani nilikuwa naipenda asubuhi ya namna hiyo. Safari hii nilitamani tu iishe nirudi nyumbani.

Klabu ina desturi yake, nayo ndiyo iliyonifikisha kwenye kalamu hii. Jumamosi alasiri tunasoma makovu. Kila mwenye gari anasimama kando ya gari lake, anaweka kidole kwenye kovu moja la bati au la kiti, na anaeleza lilivyopatikana, bila kujipendelea. Mwenyekiti anaandika katika daftari kubwa jeusi. Kilichoandikwa humo hakifutwi, na mtu akitaka kununua gari la mwanachama husomewa kwanza makovu yake yote, kama mchumba anayesomewa tabia za mwenzake. Mara nyingi ni kicheko. Mwaka juzi mimi nilisoma tundu la kiti lililochomwa na sigara ya baba mdogo. Mwaka jana nilisoma ule mkunjo wa buti, siku fahali wa jirani alipojikuna hapo. Miaka yote tisa niliyosoma, sikuwahi kuweka kidole kwenye madigadi ya kulia mbele. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu walidhani namheshimu mama, aliyeumia siku ya kovu lile.

Safari hii zamu ilipofika, nilipoinuka tu, baba naye akainuka. Alinigusa kifuani kwa fimbo yake, kuniashiria nikae. Akaenda akipapasa boneti mpaka akafika kwenye madigadi ile, akaweka kiganja kizima, si kidole. Akawasimulia. Alieleza kwamba siku moja ya Jumapili binti yake mkubwa alimchukua mama yake kwenda kumtazama dada wa huyo mama, aliyekuwa mgonjwa, kwamba kwenye kona ya kinu gari liliacha barabara na kupiga ukingo wa daraja dogo, kwamba mke wake alivunjika nyonga na akatembea na mkongojo mpaka alipofariki. Alisema binti alikuwa anakimbia mno. Alisema yeye baba alimtamkia maneno mazito mbele ya ukoo mzima, akamnyang'anya funguo, na binti akaondoka nyumbani mwezi ule ule. Alieleza yote hayo kwa sauti ile anayotumia kusoma risiti. Halafu akasema:

"Nimezeeka na sioni vizuri. Nimemsamehe binti yangu. Nyinyi ni mashahidi."

Watu walipiga makofi, dada. Mwenyekiti alitoa miwani akaifuta. Baba akageuka upande aliofikiri nipo, akaniagiza nikirudi nyumbani nikuandikie barua nikuambie kwamba umesamehewa na mlango uko wazi. Kwa hiyo barua hii, kwa kweli, nimetumwa. Ilipaswa kuwa ya nusu ukurasa.

Makofi yalipoisha, Mama Spana akauliza swali. Huyu ni mama aliyefanya kazi karakana ya mabasi miaka thelathini, mikono yake inafungua nati ambazo wanaume wamezikatia tamaa. Aliuliza bila ubaya wowote, akiwa bado ameshika kikombe chake: binti mwenyewe alisemaje siku ile? Baba akajibu kwamba alisema usukani ulikuwa mwepesi ghafla mkononi, ukazunguka bure. Mama Spana akasema kama ni hivyo, basi hilo si suala la mwendo, hiyo ni nati ya kiungo cha usukani iliyochomoka, na nati hiyo haichomoki ikiwa ina pini. Baba akatikisa kichwa. Alisema haiwezekani, kiungo kilivunjwa na ukingo wa daraja, kwa sababu nati ile ilikuwa na rangi yake ya njano. Aliiona kwa macho yake jioni ya Jumamosi, siku moja kabla ya ajali. Wote wakaitikia, maana kila mtu pale anaijua rangi ya njano ya baba.

Wewe unaijua kuliko wao. Kile kikopo kidogo na brashi ya manyoya machache, na ile kanuni yake tuliyoimba tangu utoto: kaza, tia pini, kagua, ndipo upake. Nati yenye njano imekaguliwa, haina maneno tena. Nakumbuka ulivyosimama mlangoni pa hospitali, damu kwenye kola, ukirudia kwamba usukani ulizunguka bure, na baba akikujibu kwamba njano ilikuwepo. Mama alikuwa ameinama akitafuta miwani kwenye mkoba, hakuona kitu. Ikawa ni neno lako dhidi ya tone la rangi, na rangi ikashinda.

Usiku huo shambani sikula. Niliwaambia ni tumbo.

Jumapili asubuhi tukafunga vitu. Baba huwa haruhusu gari liondoke bila kukaguliwa chini, na kwa kuwa magoti yake yamekataa na macho yamekataa, alinipa tochi, akanipa kikopo na brashi, akaniambia nigusie njano mpya pale ya zamani ilipofifia. Aliniambia kwamba tangu sasa mimi ndiye jicho lake. Nikalala chali kwenye nyasi mbichi nikajisukuma chini. Nilianza na magurudumu ya nyuma. Nikaja katikati. Nilipofika kwenye kiungo cha kulia cha usukani, mkono ukakataa kuinuka. Nilikuwa naona viatu vya baba tu, vile vya kahawia vilivyopasuka pembeni, na ncha ya fimbo katikati yake. Nadhani kama ningekuwa naona uso wake nisingeweza, hata leo.

Nikasema, "Baba, ile nati ya kulia sikuitia pini."

Akauliza ipi. Nikamwambia ya mwaka ule. Nikamwambia nilitangulia kupaka rangi.

Dada, hivi ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi ile nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, niko likizo kutoka chuo cha ufundi, kichwa kimevimba. Tulikuwa tunabadilisha mipira ya viungo vya usukani. Baba akaitwa getini na mtu, akaniachia nimalize. Rangi ile huchukua muda kukauka, na mimi nilikuwa na miadi ya kwenda kwenye muziki mjini, shati limekwisha pigwa pasi. Nikajiona mjanja: nipake nati zote mbili kwanza, zikauke wakati natia pini. Nikapaka. Nikatia pini ya kushoto. Ya kulia niliitia mfukoni ili nishike koleo kwa mikono miwili, na hapo hapo mama akaita chakula. Nikanawa, nikala, nikabadilisha nguo, nikaondoka. Baba aliporudi akaona njano kushoto na njano kulia, akalishusha gari kutoka kwenye jeki. Ndiyo hiyo tu. Hakuna zaidi.

Pini niliikuta Jumapili jioni. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali na suruali ya kazi, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Jumatatu niliwahi kabla watu hawajaamka, nikatembea kwa miguu ile barabara, nikitazama chini. Nati ilikuwa kwenye changarawe, hatua mia mbili na kumi kabla ya kona. Nilizihesabu kwenda na kurudi. Kabla ya kona, dada. Ulikuwa hujakimbia popote. Ulikuwa umeshikilia usukani usiokuwa na kitu upande wa pili, na ulijitahidi hatua zote hizo.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mpaka swali limechakaa. Kwanza mama alikuwa chumba cha upasuaji. Halafu baba alikuwa amekwisha sema, na unajua baba akisema amesema. Halafu wewe ukaondoka, na nikajidanganya kwamba huko uliko unapata maisha mazuri kuliko yetu. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba nilimwogopa baba, na, naliandika hili kwa aibu, nilipenda kuwa mtoto mwema. Ulipoondoka, wema wote wa nyumba ile ukaniangukia mimi. Nilimwogesha mama, nikalitengeneza gari, nikamwendesha baba kila alikotaka, na watu wakanisifu kwamba nina moyo. Kila sifa niliimeza kama dawa chungu, na nilirudi kesho yake kuchukua nyingine.

Ningeendelea hivyo hivyo pengine mpaka tumzike. Lakini mwaka jana shemeji alinipigia, unisamehe kwa kumtaja, akaniambia mpaka leo hukai kiti cha mbele cha gari lolote, na kwamba siku moja ulimwambia labda kweli ulikuwa unakimbia, labda mikono yako iliota ule wepesi. Neno hilo nimelibeba mwaka mzima. Kwamba nilikupokonya nyumba, nilikuwa nimezoea kulijua. Kwamba nilikupokonya hata imani ya mikono yako mwenyewe, sikulijua. Mikono yako haikukosea. Nataka ulisome hilo mara mbili.

Turudi kwenye viatu. Havikusogea. Nilisikia mwenyekiti mbali akipiga honi ya kuaga na wenzake wakimcheka. Mwishowe baba akauliza jambo moja:

"Pini ilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwangu."

Akaniambia nitoke chini. Nilitoka, nikangoja kipigo, mtu mzima wa miaka arobaini. Hakunipiga. Alifungua mlango wa mbele, akakaa kiti cha abiria, akafunga mkanda niliomtengenezea mimi. Njiani nilipomuuliza kama anataka maji alitazama dirishani, ambako najua haoni kitu. Jumatatu hakufungua redio. Wifi yako aliniuliza nimemfanya nini mzee, nikamweleza, naye akazima cherehani. Akaniambia nisithubutu kukuandikia barua ya kujitetea. Najitahidi kumtii.

Jana, Jumanne, baba aliniita chumbani. Amekaa kwenye kitanda, shati amefunga vifungo kombokombo. Alisema, na sasa nakupa maneno yake kama yalivyo kwa sababu hayo ndiyo aliyonituma: "Aliniambia siku ile ile. Mwanangu alisimama mbele yangu akaniambia, na mimi nikaamini rangi." Halafu akasema, "Halafu nimekwenda kumsamehe mtu asiye na kosa, tena mbele za watu." Alilia, dada. Mimi sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mama. Analia bila sauti, anajifuta kwa kiganja kama anafuta kioo cha gari.

Ameniagiza nifute ule ujumbe wa kwanza. Hana cha kukusamehe. Anasema hajui mtu anaanzia wapi kuomba radhi ya miaka ishirini na moja, na kwamba ukimruhusu atajifunza. Amempigia mwenyekiti kuhusu daftari. Kwa kuwa halifutwi, chini ya maneno ya Jumamosi yataandikwa mengine, nami nitayasoma kwa mdomo wangu mwakani mbele ya wale wale waliopiga makofi. Baba anasema siku hiyo kiganja kinachofaa kuwekwa pale ni chako. Ukitaka kuja, nitakufuata popote utakaposema, na utakaa kiti chochote unachotaka. Usipotaka, hakuna atakayekuuliza.

Mimi binafsi sikuombi chochote katika barua hii. Neno la kusamehe limetumiwa ovyo vya kutosha wiki hii. Unaweza sasa kukitoa kile kilichomo ndani ya bahasha. Itazame nati vizuri kwenye mwanga: yale matundu ya kupitishia pini yameziba kwa rangi, na rangi hiyo haijawahi kutobolewa na pini. Pini nayo nimeifunga kwa uzi pembeni yake. Zimekaa kwenye kopo langu la kunyolea muda wote huo, na kila asubuhi niliponyoa ndevu nilizisikia zikigonga.

Nisalimie sana shemeji, mwambie simlaumu, alifanya vizuri kunipigia. Wabusu wapwa zangu. Wifi yako anakupa mkono, na watoto wanauliza shangazi yao anafananaje, maana picha niliyonayo ni ya zamani.

Chini ya sahihi yangu utaona doa la njano. Usidhani karatasi imechafuka. Nimemsomea baba barua hii leo jioni. Nilipofika mwisho akaniambia nirudie tangu shikamoo, nikarudia. Alinisimamisha kwenye zile hatua mia mbili na kumi, akauliza kama nina hakika, nikamwambia ninayo. Ndipo alipoomba kikopo na brashi, na kwa kuwa haoni vizuri nilimshika mkono mpaka mahali penyewe. Safari hii amekagua kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukinifunga kamba za viatu.